Mgonjwa Aliyeandikwa Hana

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mwaka wa 1973, mwanafunzi wa uuguzi aitwaye Bethwel Kiplangat alisimama mwisho wa wodi ya watu wazima akasoma ripoti ya zamu. Alisoma kwa ile sauti yake ya majivuno, sauti ya mtu anayependa kusikilizwa. Alipofika kitanda cha nne akasema, "Mzee Nyang'au. Amelala vizuri. Hana homa."

"Niko," mtu akajibu.

Sauti ilitoka nje, upande wa veranda. Ilikuwa ya mwanamke, nyembamba, yenye mkwaruzo wa kikohozi. Elmina Nyaberi, mwanafunzi mwenzake, akacheka akidhani ni mfagiaji anafanya mzaha. Sista Chelangat, mkuu wa wodi, akakunja uso na kumwambia Bethwel aendelee. Kitanda cha tano, hana maumivu. "Niko," ikajibu tena, na safari hii ilikuwa mlangoni, na pamoja nayo ikaingia harufu ya majani mabichi ya chai yaliyolowa na kushindiliwa kikapuni mpaka yakaanza kushika joto. Elmina akaenda kuchungulia. Hakukuwa na mtu, ni benchi na ukungu tu.

Ili ulielewe jambo hili ni lazima nikueleze wanafunzi hao walikuwa watu wa namna gani, na sina nia ya kuwapamba. Walikuwa wanane, katika hospitali ya misheni ambayo nitaiacha bila jina, juu ya mashamba ya chai upande wa Sigowet. Walipiga pasi mashati yao mara mbili kwa siku. Mwezi wa Machi mwalimu wao aliwapa insha: je, mgeni aliyevuka mpaka bila kitambulisho, akiugua, atibiwe? Wote wanane wakajibu kwamba atibiwe, na waliandika vizuri ajabu. Bethwel alijaza kurasa nne, akamtaja Msamaria Mwema mara sita, akawashinda wote kwa alama. Insha yake ikabandikwa kwenye ukuta wa chumba cha kulia, naye akawa anaitazama huku akitafuna ugali.

Chini ya insha hiyohiyo, sahani zikiwa mbele yao, ndipo walipokuwa wakisema ya moyoni.

"Hawa watu wa ng'ambo wanatumaliza," Elmina alisema siku moja. "Dawa ni ya wafanyakazi. Kwani kwao hakuna hospitali?"

"Ukitibu mmoja, kesho unaletewa kijiji mzima," Bethwel akamjibu. "Mimi sikusomea kuosha watu hawana hata kipande cha kitambulisho."

Wakacheka wote, wakaongezewa mboga. Huruma yao ilikuwa ya kuandikia mtihani, na mtihani ulikuwa umekwisha.

Siku tisa kabla ya ripoti ile niliyoanza nayo, mwanamke mmoja aliletwa hadi langoni na wachumaji wawili, ambao walimwacha hapo wakaondoka mbio. Siku hiyo Sista Chelangat alikuwa amekwenda Sosiot kuchanja watoto, na daktari yuko Nairobi. Wodi ilikuwa mikononi mwa Bethwel na Elmina, na funguo za kabati la dawa ziko mfukoni mwa Elmina.

Mwanamke huyo alikuwa ametoka mbali, ng'ambo ya Uganda, kule ambako watu walichinjana mwaka uliotangulia. Alikuwa akichuma chai kwa kadi ya mwanamke mwingine, Nyambeki, ambaye alikuwa amejifungua na hakutaka nafasi yake ipotee. Mambo kama hayo nyapara aliyajua, karani aliyajua, na mbwa wa kambi ya wachumaji bila shaka waliyajua pia. Alikohoa akiwa ameshika ubavu, na midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alitoa kadi ya Nyambeki kwa mikono miwili.

"Wewe si Nyambeki," Bethwel akasema. "Nyambeki mimi namjua."

"Ndiyo, baba. Mimi si Nyambeki. Jina langu niko nalo." Akalitaja. Lilikuwa jina refu la lugha ya kwao.

Bethwel akamtazama Elmina, wakabanwa na kicheko. "Sema tena."

Akalitaja tena, polepole, akikohoa katikati.

"Hiyo si jina, hiyo ni safari," Bethwel akasema. Akavuta karatasi ya kitanda na kuanza kuijaza. Kadi, hana. Chifu, hana. Jamaa wa karibu, hana.

"Na pale kwa jina?" Elmina akauliza.

"Hata hapo, hana." Akaandika kwa herufi kubwa, HANA, akaipenda kazi yake, akaipigia mstari. Kisha akamgeukia yule mwanamke. "Sasa umepata jina fupi. Wewe ni Hana. Enda ukae kwa benchi pale nje. Tukikuita, itika."

"Ndiyo, baba," akasema.

Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu. Saa nane mvua ya mawe ikashuka, kama inavyoshuka huko karibu kila alasiri, na upepo ukaisukuma mpaka ndani ya veranda. Hakuna aliyemwita. Bethwel na Elmina walikuwa wakitandika upya vitanda vilivyokwisha kutandikwa, maana Sista alipenda kukuta pembe za shuka zimenyooka. Saa kumi na nusu mfagiaji akamkuta ameegemea ukuta, macho wazi, mapaja yake yamejaa mawe ya mvua ambayo hayakuyeyuka.

Sista Chelangat aliporudi, Bethwel na Elmina waliambizana cha kumwambia, wakamwambia: aliletwa akiwa maiti. Akazikwa nyuma ya jiko, na seremala, mtu mwaminifu asiyejua mzaha wa wasomi, akaichukua ile karatasi na kunakili alichokikuta. Akachora kwenye msalaba: HANA.

Sasa, huwezi kuuguza watu kwa Kiswahili bila neno hilo. Hana homa, hana choo, hana hamu ya kula, hana mtu wa kumletea uji. Wodi nzima ilikuwa ikimwita mara mia kwa siku, na yeye, ambaye alikuwa ameambiwa aitike, aliitika. Siku ya pili baada ya ripoti ile, sauti ilikuwa inatoka katikati ya vitanda. Siku ya tatu nyayo zilionekana sakafuni, za miguu mitupu, zenye maji na vipande vya majani ya chai, zikitoka kwenye benchi na kuja ndani. Hakuna hata moja iliyorudi nje.

Wanafunzi wetu mashujaa wakatafuta njia. Elmina akaanza kutoa ripoti kwa Kiingereza, na daktari, ambaye hakujua kinachoendelea, akamsifu kwa juhudi yake. Bethwel akaanza kusema "homa haiko kwake." Lakini wagonjwa hawakuwa wameonywa. Mke akimtazama mumewe na kusema masikini hana nguvu, sauti ilijibu karibu na mto, na kabla ya saa sita mgonjwa huyo alikuwa anatetemeka kwa baridi chini ya mablanketi matatu.

Alasiri moja Mzee Nyang'au wa kitanda cha nne, mchumaji wa miaka mingi, alimshika Elmina mkono akamvuta karibu. Alinong'ona.

"Mwanangu, huyo mama mnamuita kila asubuhi, mbona hamumpi blanketi?"

"Mama yupi, mzee?"

"Huyo. Mnamuita, anakuja, halafu mnanyamaza. Hiyo si tabia mzuri. Sasa anakuja kukaa kwangu, na amelowa. Ona." Akafunua shuka. Upande mmoja wa godoro ulikuwa umerowa maji, umebonyea, mahali ambapo mtu mwembamba angeketi.

Elmina alikimbilia stoo akajifungia humo mpaka zamu ikaisha. Nasema hivi ili ujue kwamba hofu ilimwingia. Aibu ilikuwa bado iko njiani.

Bethwel naye aliogopa kwa sababu yake mwenyewe. Alikuwa na mke, Chepkemboi, mwenye mimba ya miezi sita. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka zikiwa zimekufa, na Chepkemboi alikuwa ameapa kwamba hii ikiharibika hatashika nyingine. Kitu pekee ambacho Bethwel alikipenda kuliko kujisikiliza ni mtoto huyo. Basi akaenda mwenyewe kumwita Mchungaji Johana aje alifukuze jini.

Mchungaji alikuja Jumamosi saa tisa, ukungu ukiwa umeziba madirisha. Aliwapanga wanafunzi duara katikati ya wodi, akawaambia washikane mikono na kufumba macho, kisha akaanza kwa sauti ya kutikisa mabati.

"Pepo mchafu, toka! Huyu hana mamlaka hapa!"

"Niko," ikajibu kutoka kwenye benchi.

"Hana nguvu!"

"Niko," ikajibu kutoka mlangoni.

Elmina alijaribu kumnyamazisha, lakini ulimi wa mhubiri ukishapata moto haushikiki, na yeye akaendelea kupaza, "Hana nafasi katika nyumba hii," akirudia mara ya pili na ya tatu, na kila aliporudia harufu ya majani ikazidi kukaribia na kikohozi kikazidi kusikika, mpaka ikawa si rahisi kujua ni nani katika duara anayepumua kwa shida namna ile, na Bethwel, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikwa na Elmina na wa kushoto na mtu aliyedhani ni mwenzake wa mwaka wa pili, akahisi mkono ule wa kushoto unazidi kuwa baridi na kuchuruzika maji, akafumbua macho na kutazama chini, akaona vidole vyembamba vilivyopasuka, ncha zake zimekuwa nyeusi kwa utomvu wa chai usiotoka hata kwa sabuni, vimejipenyeza kati ya vidole vyake na kukaza, na kando ya sikio lake mtu akasema kwa heshima kabisa, "Niko, baba."

Mchungaji ndiye aliyetangulia kufika barabarani. Kofia yake ilibaki wodini.

Jioni hiyo Sista Chelangat akamfungia Bethwel ofisini mwake. Alikuwa ameshika karatasi ya kitanda.

"Maiti haijaziwi karatasi," akasema. "Sema."

Bethwel akasema. Alisema yote, akilia, na hata katika kulia alijitafutia udhuru: wodi ilijaa, sheria ni sheria, Elmina ndiye aliyekuwa na funguo. Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Nafikiri katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kumtazama mgonjwa yeyote, hata mwenye donda linalonuka, kwa uso aliomtazama nao kijana huyo safi.

"Wewe ndiye ulimpa jina," akamwambia. "Ukamwambia akiitwa aitike. Na sasa anakuita baba. Chepkemboi ako na miezi ngapi?"

"Sita."

"Basi tafuta jina lake la ukweli, umwite nalo, umwambie aende. Kama huna hilo jina, usiniulize kitu mimi nitafanya. Mimi ni nesi."

Kesho yake Bethwel akateremka kambini, kwenye safu za nyumba za wachumaji, akamkuta Nyambeki akinyonyesha mlangoni. Aliposikia anachotakiwa, Nyambeki hakumkaribisha hata kwenye kigoda.

"Leo ndio mnataka jina? Ya nini, mpeleke kwa polisi?"

"Mama, tafadhali. Ni ya kumwombea."

"Mimi nilikuwa namuita dada. Mchana alikuwa anaitwa Nyambeki, kwa sababu ya kadi, na usiku hakutaka kuitwa kitu. Aliogopa jina lake itasikika." Akamhamisha mtoto titi la pili. "Lakini kwenu alilisema. Wale walimpeleka waliniambia walimsikia kutoka kwa lango. Alilisema mara mbili. Kwa hivyo usiniulize mimi. Wewe ndiye uliambiwa."

Alikuwa ameambiwa. Katika nchi hii yote hakukuwa na mtu mwingine aliyepewa jina hilo kwa hiari ya mwenyewe. Elmina hakukumbuka ila kicheko. Bethwel alipanda mlima akijaribu silabi mdomoni, Mu, Ka, Nyi, akizitema na kuanza upya. Kijana aliyeweza kukariri mifupa yote ya mwili kwa mpangilio hakuweza kulikumbuka jina la mtu mmoja, kwa kuwa hakulisikiliza.

Akaishia kaburini. Akapiga magoti, baada ya kutandika gazeti ili suruali isichafuke, akaomba msamaha. Lilikuwa ombi refu, lenye vituo na aya. Akamtaja Msamaria Mwema.

Na sauti ikanyamaza.

Wiki ikapita, kisha mwezi. Mzee Nyang'au akapona akarudi kwenye chai. Wanafunzi wakaanza kusema "hana" kwa woga, halafu kwa mazoea, na hakuna sauti iliyojibu. Bethwel akanenepa kidogo. Alisema mezani kwamba toba ya kweli ina nguvu, na wale wenzake, ambao hawakujua tofauti ya kusamehewa na kungojewa, wakatikisa vichwa.

Chepkemboi akajifungua mwezi wa Agosti, hapohapo hospitalini, asubuhi yenye jua, bila shida yoyote. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti. Kabla ya saa nne mama yake Bethwel, ambaye sasa wote walimwita Kogo, yaani nyanya, Kogo Chepyegon, alikuwa amekwisha fika kutoka Sosiot kwa miguu akiwa na shangazi watatu. Kogo alikuwa mtu wa kanisa kila Jumapili, lakini hakuwa mtu wa kuacha mjukuu akae bila kuulizwa ni nani. Kwa Wakipsigis mtoto hapewi tu jina. Wanawake humwinamia na kumtajia majina ya marehemu wa ukoo wa baba, moja baada ya jingine, na ugoro kidogo karibu na pua, na jina ambalo atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye aliyerudi.

Wakaanza kuita. Wakamwita nyanya wa Bethwel, na mama wa nyanya, na shangazi aliyekufa kwa njaa ya zamani, na dada zake. Mtoto aliwatazama tu. Wakaongeza ugoro, wakarudia tangu mwanzo, wakawataja hata wale waliokufa wachanga. Mtoto akapiga miayo. Kogo akafuta jasho, akasema kwa Kikipsigis kwamba hajawahi kuona mkaidi wa namna hii, na wote wakacheka, na Bethwel aliyesimama mlangoni akacheka nao, kifua kimejaa furaha.

Elmina alikuwa zamu ya wazazi siku hiyo. Alikuwa ametoka kumpima mtoto, amechoka, anajisikia vizuri. Kutoka mwisho wa chumba Sista Chelangat akauliza, "Mtoto wa Chepkemboi vipi?"

"Mzuri sana, Sista," Elmina akajibu. "Hana homa."

Mtoto akapiga chafya.

Wale shangazi wakapiga vigelegele mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakasikia. Kogo akamkamata Elmina mkono. "Wewe msichana, umeita jina kani?"

"Sijaita mtu, kogo."

"Umeita. Hana. Ni jina ya Piplia, mama ya Samweli. Mtoto amesikia!"

"Mama," Bethwel akasema, na sauti yake haikuwa ile ya ripoti. "Hiyo si jina. Kwetu hakuna mtu anaitwa hivyo. Rudia majina yetu. Tafadhali rudia."

Kogo akamgeukia, akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyemsomesha mpumbavu. "Tumeita watu yetu wote, hakuna mtu amekuja. Huyu ameitwa mara moja, ameitika. Kama ameitika, ni wetu."

Hapo angeweza kusema. Sista Chelangat alikuwa amesimama na karai mkononi, amemkodolea macho, akingoja aseme. Ilibidi tu amwambie mama yake na mke wake, mchana kweupe, huyo Hana ni nani na alikufaje. Bethwel akafungua kinywa, akamwangalia Chepkemboi alivyokuwa akicheka na machozi yakimtoka, mtoto wa kwanza mzima kifuani mwake, akakifunga.

"Njoo umshike," Chepkemboi akamwambia. "Baba ya Hana, mbona unaogopa? Njoo umwite, akujue."

Wakamweka mtoto mikononi mwake. Alikuwa mwepesi na wa joto, anapumua vizuri kabisa. Wanawake wote wakanyamaza ili baba asikike, na alipoona hawana haja na kitu kingine isipokuwa hilo neno moja, akalitoa.

"Hana," akaita.

Mtoto aliyezaliwa saa tatu tu zilizopita akageuza shingo, akamkazia macho, akangoja.